Ndagala wa Saa ya Kusoma

Saa ya kusoma ilikuwa baada ya vyombo kuoshwa. Ernestine alifuta meza, akaweka juu yake kitabu cha Kiswahili cha darasa la tatu, akamwita binti yake Eliane kutoka uani. Kisha akauinua mfuko wa unga kutoka sakafuni na kuuweka juu ya kitanda, akapandisha kikwembe chake hadi magotini, akaketi. Eliane naye akaketi kwenye kigoda chake. Alisoma neno la kwanza akakosea. Alisoma la pili, akakosea zaidi.

"Macho yako iko ya kazi gani, weye mujinga?" Ernestine akauliza.

Maji yakaanza kutoka kwenye saruji, chini ya kigoda, maji safi yenye harufu ya ziwa. Yalifika kwenye vifundo vya miguu ya mtoto, yakatulia.

Nyumba yao ilikuwa Kimanga, mbali kidogo na ufuo, lakini hakuna aliyeshangaa. Miaka hiyo ziwa lilikuwa limekwisha kumeza nyumba nyingi za chini, pamoja na kanisa moja na choo chake, na kwamba sasa liliamua kupitia kwa mtoto halikuwa jambo la kuitishia mkutano. Jirani mmoja alishauri tu wainue kitanda kwa matofali. Wakakiinua.

Mambo yalianza siku ya proklamasio, siku ambayo mkuu wa shule husimama mbele ya wazazi wote na kusoma matokeo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kila jina hupata makofi yake, isipokuwa la mwisho, ambalo hupata kicheko. Ni desturi, na wanaocheka si watu wabaya. Eliane alipotajwa, wa mwisho kabisa, uwanja mzima ulicheka. Ernestine alikuwa ameketi kati ya wanawake wasiomfahamu, naye akacheka pamoja nao, ili wasijue ni mtoto wa nani. Eliane alikuwa akimtazama. Jioni ile maji yalikuja kwa mara ya kwanza. Hivyo Ernestine hakuhitaji mganga wa kumweleza yalikotoka. Alijua.

Makosa peke yake hayakuleta maji. Mtoto angeweza kukosea ukurasa mzima na sakafu ikabaki kavu. Kilicholeta maji ni maneno ya watu. "Mjinga" lilifika kwenye vifundo. "Mzigo" lilipanda hadi nusu ya muundi. Kumtaja binamu yake Shalom, aliyesoma magazeti akiwa na miaka sita, kulifika magotini.

Kisha ziwa likafungwa, kama linavyofungwa kila mwaka ili samaki wazaane kwa amani, na Ernestine, ambaye maisha yake yote aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akabaki na meza tupu sokoni. Ndipo maji ya kusoma yalipoanza kuja na ndagala. Mwanzoni walikuwa wachache, wakizunguka miguu ya kigoda. Baadaye walitosha kufunika sehemu ya chini ya beseni. Ernestine aliwachota, akawaanika, akawauza. Aliona vibaya, lakini aliwauza.

Habari haina miguu lakini hutembea. Wanunuzi wakaanza kuja wenyewe nyumbani alasiri, wakaketi kwenye benchi karibu na mlango, mabeseni mapajani.

"Mama Eliane, mutoto ameshasoma?" aliuliza Consolée, aliyekuwa na mgahawa karibu na soko.

"Bado. Iko nakula."

"Basi tutangojea."

Mume wa Ernestine, Rémy, alifanya kazi ya kupakia mchele Kamanyola na kurudi kila Jumamosi. Alitazama maji, akatafuta saruji, akajenga ukingo mdogo kuzunguka kigoda ili samaki wasipotelee chini ya kitanda. Ilikuwa kazi nzuri, iliyonyooka.

"Na mutoto?" Ernestine alimuuliza.

"Mutoto iko nasoma, si njo tulitaka?" Rémy alisema, akisuuza mwiko wake wa saruji. "Samaki mkunje angali mbichi."

Eliane, kila walipomaliza, alikausha miguu kwa sketi ya shule na kwenda kuruka kamba. Ndagala hao hakuwala. Alisema ameshiba.

Mwalimu mpya wa darasa lake aliitwa Pudentienne. Siku moja alifika nyumbani, akavua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa. Shuleni pia maji yalitoka chini ya dawati la Eliane, na uongozi ulikuwa umemhamishia nyuma kabisa ili asiwaloweshe wenzake.

"Mama Eliane," alisema, "huyu mutoto haiko mujinga, na haiko na bulozi. Iko na kitu banaita dislexie. Maherufi haitulie mu macho yake. Akili iko muzima kabisa. Umuombe akuelezee masomo ya misa, utaona."

Eliane alisimulia lile la mjane na chupa yake ya mafuta, bila kuacha hata jina la mji. Ernestine alikuwa kanisani siku ile, na hakukumbuka hata nusu.

"Sasa nifanye nini, Madame?"

"Musitari moja moja. Ingine uifunike na karatasi. Herufi aiandike mu muchanga na kidole, na aseme sauti yake. Na musimutukane. Hata kidogo."

Ernestine alitandaza mchanga kwenye ungo. Alifunika mistari kwa kipande cha boksi. Alijifunza kunyamaza, jambo gumu kwake kuliko kuuza. Maji yakapungua, yakawa unyevu, yakakoma. Alasiri moja Eliane aliweka kidole kwenye ukurasa na kusoma, polepole, "Mama anapika sombe." Akacheka. Akausoma tena mstari wote. Ernestine alifurahi hadi machozi yakamtoka, akamkumbatia, na siku hiyo alifagia vumbi chini ya kigoda.

Pudentienne alimwomba mkuu wa shule amruhusu Eliane kufanya mtihani kwa mdomo. Mkuu alimjibu kwa upole kwamba mtihani ni karatasi, na kwamba dawati la nyuma ni zuri, lina hewa.

Ziwa lilikuwa bado limefungwa. Maghala ya Kamanyola yakawa matupu, na Rémy akarudi Jumamosi mikono mitupu, akalala akitazama ukuta. Wadogo wawili wa Eliane walikula sombe ya majani ya muhogo isiyo na samaki, siku baada ya siku, na yule wa mwisho akaanza kuamka akilia. Wanawake waliendelea kuja na kuketi kwenye benchi.

"Mutoto anajua kusoma sasa," Ernestine aliwaambia.

"Tunashukuru Mungu," alisema Consolée. Hakuinuka.

Jumatatu, baada ya vyombo, Ernestine alifungua kitabu mbele ya binti yake. Alikiondoa kipande cha boksi na kukiweka mfukoni. Ukurasa ukabaki wazi, mistari yote kwa pamoja, na Eliane akaanza kusoma na kupotea, akarudi nyuma, akapotea tena. Sakafu ilikuwa kavu.  Ernestine aliona aibu, aibu ya kweli ile inayochoma masikio, akatamani mtu aingie, hata Pudentienne, amkataze. Hakuna aliyeingia.

Eliane aliacha kusoma. Alimtazama mama yake, akatazama benchi, akatazama mdogo wake aliyekuwa akilamba mwiko mkavu. Kisha akapandisha sketi yake juu kidogo ya magoti.

"Sema tu, mama," alisema. "Minye nilishazoea."

Ernestine alichagua neno, lile alilojua linafika mbali. Alilisema bila kumtazama mtoto usoni. Kisha akainama haraka na beseni, kwa sababu ndagala wa kwanza ndio wepesi zaidi, na nyuma yake wanawake wa benchi walikuwa wamekwisha kuvua viatu.