Shikamoo ya Kompyuta

Usiku wa jana niliota nipo kazini, masjala, nimepanga foleni ya kuisalimia kompyuta.

Kabla sijaendelea, kuna kitu ambacho si ndoto, inabidi nikiseme. Miezi mitatu iliyopita ofisi yetu iliachana na mafaili ya karatasi, zikaletwa kompyuta. Mimi nikapewa kazi ya kumfundisha Mama Nakijwa, mtunza masjala, kwa kuwa niliwahi kusoma mambo hayo chuoni. Siku ya kwanza akaniuliza, "Mbaruku mwanangu, hii inawashwaje?"

Nikamwambia, "Ukishabonyeza hapa, Mama, kaa wima, uiambie shikamoo. Inatambua sauti. Usipoisalimia haifunguki."

Kompyuta zetu zinachukua dakika nzima kuwaka. Akabonyeza, akasalimia, akasubiri, ikafunguka. Akafurahi kweli. Tangu siku hiyo anaisalimia kila asubuhi, na ofisi nzima inakuja kusimama mlangoni kusikiliza.

Leo saa tatu ni mchujo. Kila mtu atawasha kompyuta na kufungua faili mbele ya mkurugenzi, atakayeshindwa anapumzishwa kazi. Mama Nakijwa amebakiza miaka miwili astaafu. Nililala nikijiambia nitamwambia asubuhi. Ndivyo nilivyojiambia kila siku, miezi mitatu.

Basi, foleni inasogea. Mbele yangu yuko mhasibu wetu, Lukindo, ila yeye simwoni. Naona tai tu, inaning'inia hewani. Mwenyewe amegeuka rangi ya ukuta.

"Vipi, kaka?"

"Mkurugenzi si alisema tuendane na mazingira?" tai inajibu. "Naendana. Usiniegemee."

Nafika mbele. Kompyuta imekaa kwenye kiti cha mkurugenzi, imevaa kofia ya kiua.

"Mambo," naiambia.

"Mambo? Unaniambia mimi mambo? Umekulia wapi wewe?"

"Tanga."

"Tanga siku hizi hawasalimii?"

Printa iliyo pembeni inakohoa, inatoa karatasi. Imeandikwa: WATOTO WA SIKU HIZI HAO.

"Wewe una miaka miwili tu tangu utoke kiwandani," naiambia kompyuta. "Mimi nina thelathini na moja."

"Nilikuwa na miwili. Sasa nimeshapokea shikamoo sitini na tatu. Siku moja yule mama alikuja na homa, akanisalimia huku anatetemeka. Mtu ukisalimiwa vile na mama wa watu, unazeeka. Magoti yananiuma, na magoti sina."

"Pole."

"Pole yako haina kazi. Zile shikamoo nilikuwa nazipokea kwa niaba yako, sasa nazirudisha kwa mwenyewe. Wewe ndiye mwalimu, si ndiyo? Chuo uliishia mwaka wa ngapi?"

"Wa pili."

"WA PILI," inarudia kwa nguvu, jengo zima lisikie. Kipanya kinacheka mpaka kinajiviringisha kwenye waya wake.

Mara hatupo ofisini. Tupo uwanja wa shule ya msingi niliyosoma. Kiti cha mkurugenzi nimekikalia mimi, kofia ya kiua iko kichwani kwangu, na mbele yangu kuna foleni ya wazee imefika mpaka barabarani.

Wa kwanza ni mwalimu mkuu wa zamani. Anavua miwani. "Shikamoo," ananiambia.

Nataka kusema hapana mwalimu, tafadhali. Mdomo unasema, "Marahaba."

Ndevu zinaota hapo hapo, nyeupe, zinafika kifuani.

Anayefuata ni bibi yangu, ambaye tulimzika zamani. Ana vumbi miguuni. "Nimetoka mbali, mjukuu wangu. Nimeambiwa huku kuna mkubwa wa kusalimiwa. Shikamoo."

"Marahaba," mdomo unajibu, halafu unaongeza wenyewe, "Masomo yanaendeleaje?"

"Yanaendelea vizuri," bibi anasema, anapisha wengine.

Halafu anakuja mama yangu mzazi. Amejifunga kanga vile anavyojifunga akienda msibani. Hanitazami usoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Anapita bila neno, kama mtu aliyemkuta mwanawe anapigwa sokoni kwa wizi, akaamua kuendelea na safari yake. Masikio yangu yanatoa mvuke kwa aibu. Printa, sijui imefikaje huku, inatoa karatasi: MVUKE.

Wa mwisho ni Mama Nakijwa. Ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Anajiweka wima, kama nilivyomfundisha. "Shi—"

"Mama, usimalizie!" Safari hii mdomo unanitii. "Nilikudanganya. Kompyuta haisalimiwi. Inawaka yenyewe."

Wazee wote wanageuka. Hata printa inageuka.

"Yenyewe?" anauliza.

"Yenyewe."

"Hata siku ile sauti imenikauka, nikairudia mara nne?"

"Hata siku ile."

Anafungua mkoba, anachungulia ndani, anaufunga. "Na wale waliokuwa wanasimama mlangoni?"

"Walikuwa wanakuja kukusikiliza."

"Mimi nikajua wanakuja kujifunza."

Naangalia chini. Miguu yangu imeshakuwa ya mzee, imepasuka visigino.

"Na wewe, Mbaruku?" ananiuliza, taratibu kabisa, hana hata hasira. "Ulikuwa unacheka?"

Nafungua mdomo. Nikaamka.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikajipapasa kidevu, sina ndevu. Visigino vyangu vile vile. Nikajiambia ni ndoto tu, wali wa jana ulikuwa umelala. Nikajigeuza nilale tena, nikaona haiwezekani, maana saa tatu iko pale pale na yule mama atakaa wima mbele ya mkurugenzi.

Nikachukua simu. Nikapanga maneno kama mtu anayeenda kuposa: nitaanza na hali ya nyumbani, nitaingiza mchujo, halafu kidogo kidogo nitafika kwenye kompyuta. Nitasema ulikuwa utani tu, na utani una mipaka yake, samahani.

Ikaita mara moja tu, akapokea.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Nikasikia chai inamiminwa kikombeni, polepole, mpaka ikajaa.

"Bado hujanijibu," akasema.

Maneno yote niliyopanga yakaniponyoka. Nikakaa kitako kitandani.

"Nilicheka, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa nawaita wale wa mlangoni."

Akanywa funda la kwanza. Akanywa la pili.

"Njoo masjala saa mbili, kabla ya mchujo," akasema. "Uje nao wote."