Alama ya Siku ya Sitini na Mbili

Ulimwona. Usiniambie ulikuwa unatafuta chupa yako ya maji. Siku ya hamsini na nane mdogo wangu alishuka ngazi za jimu kinyumenyume, kiganja ukutani, kwa sababu ugoko wake wa kulia ulikuwa umekataa kushuka kwa mbele. Ukapita pembeni yake ukamwambia, "Kaza, dada, umebakiza kidogo." Kisha ukatazama pengine. Mimi nilikuwa chini namsubiri, nikakuona.

Nyinyi mnamwita Mama Mashuka. Anafua shuka za hospitali, saa tisa kwa siku amesimama kwenye sakafu yenye maji. Daktari alimwambia presha imepanda, afanye mazoezi, naye akajiunga na jimu. Siku tatu kwa wiki; alipungua, akawa anaimba akipiga pasi. Halafu kocha wenu, huyo mnayemwita Injini, akabandika karatasi ukutani: siku sabini mfululizo. Kila siku ukija, alama moja ya vema, ya kijani, mbele ya jina lako. Ukikosa siku moja tu, jina lako linahamia karatasi nyingine, ile iliyo karibu na choo, yenye kichwa WAGENI. Mtu anakuja siku hamsini, analala moja, anaitwa mgeni!

Karatasi ya namna hiyo naijua. Nilishona magunia kiwandani miaka kumi na moja, na msimamizi wetu alikuwa nayo. Fundi wa mashine iliyo jirani na yangu alikuja siku mia mbili na ushee bila kukosa hata moja, akapewa fulana. Siku moja alikuja na homa, akasinzia, akashonea kidole chake kwenye gunia. Nilikuwa nimemwona anasinzia tangu asubuhi. Nilinyamaza, nikaendelea na magunia yangu. Kwa hiyo nikikusema wewe, najua ninachokisema.

Nilimwambia mdogo wangu, "Pumzika kesho. Siku moja tu."

"Nikipumzika naitwa Mgeni."

"Kuitwa Mgeni kunauma kuliko huo mguu?"

"Kaka, wewe umepumzika tangu uzaliwe, ndiyo maana tumbo linafika kabla yako. Niache."

Hata kabla ya zile ngazi, siku ya hamsini na tatu, Alhamisi, siku yake pekee ya kutokwenda kazini, alikuwa amefanya mazoezi mara mbili. Siku iliyofuata alinikabidhi ndoo ya maji, akakaa chini palepale jikoni, mgongo kwenye kabati, macho wazi kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Jumatano, siku ya hamsini na tisa, nikamtafuta Injini. Jimu alikuwepo msaidizi wake. Mwenyewe nilimkuta kwake, amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya mito miwili.

"Leo huendi, mwalimu?"

"Jumatano na Jumapili napumzika, mzee wangu. Msuli haujengeki ukiwa unanyanyua chuma. Unajengeka ukiwa umelala."

"Na mdogo wangu je? Wake unajengeka lini?"

Aliguna. Si mtu mbaya, hilo nitalisema. Alinikaribisha maji. "Yule bado mpya. Mtu mpya ukimpa siku ya kulala, harudi. Nimewapoteza wengi hivyo. Karatasi ndiyo inawarudisha."

"Anachechemea."

"Wote wanachechemea mwanzoni, mzee."

Nilimwambia mdogo wangu habari ya ile mito miwili. Alicheka kidogo, cheko la kuchoka. "Yeye ameshafika, kaka. Mimi bado." Akaendelea. Siku ya sitini. Ya sitini na moja.

Leo asubuhi, siku ya sitini na mbili, kazini, amebeba shuka mbichi kifuani, mguu ukamgoma, akaanguka. Hakuteleza wala hakujikwaa. Daktari akaning'iniza picha kwenye mwanga, akatuonyesha ufa kwenye mfupa. "Huu haukuanza leo," akasema. "Una wiki kadhaa. Mfupa ulitaka siku za kujiunga, mama, hukuupa hata moja." Akamfunga plasta ngumu mguuni, wiki sita asiukanyage.

Tulipofika nyumbani ujumbe wa Injini ulikuwa umeshaingia kwenye kundi lenu la simu: "Pole Mama Mashuka. Mikono si mizima? Saa kumi na moja njoo ufanye ya mikono, umekaa. Jina linabaki." Chini yake madole gumba kumi na nane ya kukubali. Nimeyahesabu. Lako ni la nne.

Sasa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja kipo mguuni, anajaribu kusimama kwa fimbo ya ufagio.

"Mdogo wangu, hata mfupa umekuomba."

"Nimechoka, kaka, nimechoka mpaka meno. Lakini wote wamesema niende. Wewe ukiniambia nilale ni kwa kuwa ni ndugu yangu."

Hapo alinimaliza. Mimi sina neno tena kwake; neno mnalo nyinyi kumi na nane. Akiukanyaga huo mguu leo, ufa utakuwa mvunjiko, na mvunjiko hausimami kwenye sakafu ya maji kwa saa tisa.

Saa hizi ni kumi na nusu. Ondoa dole lako. Andika mahali pake: "Lala, dada. Na mimi leo siji." Kisha usiende kweli, nawe ulale, goti lako lililovimba nalo nimeliona. Andika sasa hivi, ameshasimama.