Chiriku Apata wa Kumsomea

Nyumbani walimwita Chiriku, kwa wingi wa maneno. Lakini mbele ya kitabu chiriku huyo alikuwa bubu. Mwaka wa kwanza wa chuo cha uuguzi alifeli somo la mwili wa binadamu, akabakiwa na mtihani wa marudio. Akifeli na huo, anafunga virago.

Mkufunzi wake akampeleka kwa mtaalamu. Akapimwa.

"Una disleksia," mtaalamu akamwambia. "Akili yako ni nzima, mwanangu. Herufi ndizo zinazokusumbua. Una haki ya kusomewa mtihani, omba."

Chiriku alirudi nyumbani kajiinamia. "Nisomewe kama mtoto wa chekechea? Wenzangu watanicheka. Bora niache."

"Uache ili nani afurahi?" bibi yake akamuuliza. "Lete hicho kitabu."

"Bibi! Wewe uliishia darasa la nne."

"Nne si sifuri. Lete."

Bibi akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza. Neno, pumziko, neno. Akikwama, anarudi nyuma bila haya.

"Bibi, unasoma kama unachambua mchele wenye mawe!"

"Na wewe tega sikio. Haya, hapa wanauliza, damu ikishatumika mwilini moyo unaipeleka wapi?"

"Kwenye mapafu, ikachukue hewa safi. Halafu inarudi moyoni, ndipo inasambazwa."

Bibi akatembeza kidole mpaka chini ya ukurasa. "Mbona yote yamo humu, na mimi bado sijafika huko?"

Kumbe aliyoyasikia darasani yalikuwa yamemkaa kichwani! Chiriku akacheka huku machozi yanamtoka, akamlalia bibi begani. Kesho yake akaenda chuoni kuomba asomewe mtihani.

Siku ya mtihani alipewa chumba cha peke yake na mama mmoja wa kumsomea. Mama akasoma swali la kwanza mbio mbio. Chiriku hakuambulia kitu. Anyamaze, au aseme?

"Samahani, mama. Naomba urudie, polepole."

"Hata mara kumi, mwanangu. Ndiyo kazi iliyonileta."

Alifaulu. Akamshukuru mama yule, akamshukuru mtaalamu, na mbele ya mkufunzi akapiga magoti kabisa. Kisha akakimbilia nyumbani.

"Bibi, nikushukuru vipi?"

"Shukrani baadaye," bibi akasema, akifuta miwani. "Kitabu cha mwaka wa pili naona kinene kama tofali. Vuta kiti."