Mkono Uliochonga Lipiko

Nurdin aliziona chanjo, zile alama za kuchanja, kwenye shavu la lipiko likiwa limeshavaliwa na uwanja wa Kitangari umefurika watu.

Lipiko ni kinyago cha kuvaa kichwani, na wanaume ndio hulichonga, mafichoni. Wanawake huambiwa anayecheza ni mzimu, nao hupiga yowe na kukimbia. Nurdin alikuwa mchongaji wa mwisho aliyebaki. Wapwa zake, waliopaswa kumrithi, walikwenda Dar es Salaam wote tangu enzi hizi za ruksa ya biashara zianze, wanachonga tembo na twiga wa kuuzia watalii. Alipowapelekea habari kwamba mchwa wamekula lipiko la marehemu mjomba wake, lile la miaka yote, walimjibu kwamba wana oda.

Akaanza kuchonga mwenyewe. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa na ganzi tangu alipoanguka kutoka kwenye mkorosho, na tezo ikapasua pua ya kinyago. Zilibaki siku tatu vijana watoke jandoni. Bila lipiko hawatoki, na lawama zote zingekuwa zake. Aliliacha gogo kibandani kwake porini akarudi nyumbani roho mkononi.

Siku ya tatu alikwenda kulitupa. Akakuta jingine kabisa, limekamilika: macho ya usingizi, mdomo umefumbuka kidogo, nywele halisi zimegandishwa kwa nta. Moja kwa moja akajua Mrisho, mpwa wake mkubwa, ameona haya akaja kimyakimya. Alifurahi mno, na hakuuliza.

Sasa, jua la alasiri likipiga shavu la kinyago, aliona alichokikosa kwenye giza la kibanda: pembetatu zinazofuatana, kisha mstari uliokatika. Chanjo hizo huzunguka shingo ya kila mtungi anaoufinyanga mkewe, Pili. Ameyanywa maji ya mitungi hiyo miaka ishirini na mbili. Na Pili mwenyewe alikuwa mbele ya wanawake wote, khanga imemtoka begani, akikimbia na kupiga yowe kuliko wenzake.

Mwanamke kugusa lipiko! Ikijulikana, litachomwa moto hadharani, jando litahesabiwa bure, na nyumba yake haitakanyagwa na mtu hata kwenye msiba.

Alimfuata nyumbani akamuuliza, kwa sauti ya chini, siku zile tatu alikuwa akienda wapi. Pili akasema bondeni, kuteka maji, kama kila siku. Nurdin akazitaja chanjo. Pili akauweka ungo chini.

“Baba Ziada, mimi sikuchonga. Vidole vyangu vimeshakakamaa, vinaweza udongo tu, si mti. Kachonga Ziada, tulipoona umekata tamaa. Nilimwonya asitie chanjo zetu, hakusikia.”

Nurdin akakaa pale pale vumbini. Binti yake!

“Na lile la mjomba wako alilichonga mama yangu,” Pili akaendelea, bila hasira. “Mjomba wako na ulevi wake wa uraka, hata mpini wa jembe ulimshinda. Mama akanifundisha mimi, nami nikamfundisha mtoto. Sisi tunakimbia ili nyinyi mcheze.”

Nurdin alitaka kufoka. Alihisi amevuliwa nguo.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Chilumba, msimamizi wa jando. Nurdin akainuka, akamwamkia. Mzee akasema tangu azaliwe hajaona lipiko kama lile, na watu wa Newala wanataka la kwao mwakani. Kisha akautazama mkono wa Nurdin uliolegea, akautazama mtungi wa maji penye kivuli.

“Nurdin, lile lipiko kalichonga nani?”

Ziada alikuwa akiingia uani, ndoo kichwani. Aliishusha, akapiga goti, akamwamkia mzee. Gundi ya nta ilikuwa bado kwenye kucha zake.

“Nimechonga mimi,” Nurdin alisema. “Na la Newala nitachonga mimi.”

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa wanaume wenzake, nao ulimtoka laini hivi kwamba aliogopa kuwaza ni mangapi wao nao wameshamwambia kwa ulaini huo huo.