Kikohozi Kwenye Santuri

Sinia la sandwichi lilipowekwa mezani, wanaume kumi na wawili wenye makoti mekundu ya bendi hawakulikimbilia. Walitafuna polepole kama watu walioshiba, na kila walipodhani hawatazamwi, walitia nyingine mfukoni. Clifford Oldroyd alitia mbili za jibini kwa ajili ya wajukuu. Alipoinua macho, Piers, mtayarishaji wa muziki, alikuwa akimtazama kupitia kioo cha studio, anatabasamu.

Ilikuwa Januari, mwezi wa kumi wa mgomo wa wachimbaji. Kwao Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, watu walioishi juu ya makaa ya mawe maisha yao yote walikuwa wanachoma milango ya mabanda ili wapate moto. Ndipo ukaja mwito kutoka London: Damian Vale, yule mwimbaji wa roki, anarekodi albamu kuhusu wachimbaji, anataka kukodi bendi ya matarumbeta ya mgodini. Ujira wote ungekwenda kwenye jiko la mgomo, lililolisha watoto wa kijiji kizima. Nani angekataa?

Walipiga mara moja tu, wakamaliza pamoja kama mlango unaofungwa taratibu. Hata mpiga ngoma wa kukodi akawapigia makofi.

"Safi mno," sauti ya Piers ikatoka kwenye spika. "Mnapiga kama malaika. Mimi nataka watu waliopigwa virungu na polisi. Hebu koseeni kidogo."

Womersley, kiongozi wa bendi, akavua miwani. "Tukosee, bwana?"

"Sauti ziachane. Kama watu waliochoka."

"Uchovu tumekuja nao. Kukosea ndiko hatukufundishwa."

Wakakosea. Clifford alipuliza tarumbeta lake la besi vibaya, huku masikio yakimwaka kwa aibu. Noti ya mwisho haijafa, kifua kikamsaliti: akakohoa kile kikohozi kirefu cha vumbi la mgodini, kinachoanzia magotini.

"Samahani," akasema. "Tuanze upya."

"Msifute!" Piers alikuwa amesimama. "Damian, umesikia? Albamu ndiyo hiyo!"

Wenzake wakatolewa nje, ila Womersley aliyekataa kusogea. Kipaza sauti kikaletwa mdomoni mwa Clifford.

"Haya babu, kohoa."

"Mimi si babu yako. Nimekuja kupiga tarumbeta."

"Matarumbeta tunayo hapa London, mzee wangu. Bila hicho kikohozi siwahitaji." Piers akainua mabega. "Mtarudi mlivyokuja, mikono mitupu."

Clifford akakohoa.

"Hicho cha kuigiza. Panda zile ngazi mbio kwanza."

Akapanda, akashuka, akapanda tena. Womersley alimngoja chini, ngumi zimekunjwa.

"Acha, Cliff. Twende zetu, ndugu yangu."

"Watoto watakula nini? Hasira zako?"

Aliposhuka tena, hakuhitaji kuambiwa. Kikohozi kilimkamata, kikamkunja, kikamtupa magotini. Leso ilitoka nyeusi, kisha nyekundu. Kanda iliendelea kuzunguka, na maji hayakuletwa mpaka Piers alipoinua kidole gumba. Damian Vale akatoka nyuma ya kioo, machozi yakimtiririka, akamkumbatia, ananukia marashi. "Umenichoma moyo, mzee," akanong'ona. Clifford alitamani kumpiga kichwa cha uso. Hakuwa na pumzi.

Mgomo ulivunjika Machi. Albamu ikatoka kiangazi, ikashika namba moja. Mgodi ukafungwa vuli, na Clifford akaenda kupimwa na daktari wa fidia, aliyeamua nani alipwe kwa vumbi la mapafuni.

"Mapafu yako mazima," daktari akasema akiandika. "Hizo ni sigara."

"Mpiga tarumbeta havuti sigara, daktari. Sijawahi kuvuta."

"Basi ni baridi." Akatia sahihi, akagonga muhuri.

Clifford alitaka kumjibu, kikohozi kikamtangulia. Daktari akainamisha kichwa, anasikiliza, kisha uso ukamchanua.

"Ngoja! Wewe ndiye wa kwenye ule wimbo wa Damian Vale?"

Clifford akaitikia kwa kichwa.

"Ee Mungu! Binti yangu hauzimi! Mimi mwenyewe nikikisikia hicho kikohozi, nywele hunisimama. Unajua kabisa kwamba huyu mtu anakufa." Akachomoa santuri mpya kutoka mfuko wa dukani. "Nimemnunulia kaka yangu. Niwekee sahihi, tafadhali."

Juu ya jalada kulikuwa na kijana mzuri, mashavu yamepakwa masizi, meno meupe. Clifford akaligeuza. Mpiga gitaa wa kukodi alitajwa, mpishi wa studio pia. Bendi iliandikwa "wachimbaji."

"Popote tu," daktari akasema, akimpa kalamu ileile aliyokuwa akiandikia. "Sogea karibu na jina la Damian."

Clifford aliishika, haijagusa karatasi. Nje ya mlango, kwenye benchi la korido, wanaume waliongoja zamu walikuwa wakikohoa, mmoja akimpokea mwenzake.