Simu ya Bi Nyamizi Yadai Hodi

Jana usiku niliota nimeshtakiwa na simu. Si mwenye simu, la. Simu yenyewe, ile kuukuu ya Bi Nyamizi, mwenyekiti wa wafuga nyuki wa Sikonge walioniagiza niwatengenezee tovuti ya kuuzia asali. Kitufe cha "Agiza" kilifanya kazi kila mahali isipokuwa kwenye simu hiyo, na wanachama wangeikagua tovuti asubuhi saa nne. Kikigoma, kazi anapewa mwingine. Nililala roho juu.

"Mafundi wake wananivamia," simu inamwambia hakimu.

Mafundi wangu ni watatu, zile lugha za kuundia tovuti. HTML ni mwashi, kashika mwiko. CSS ni mshonaji, anaupima ukurasa umkae kila mtu, televisheni hadi simu. JavaScript ndiye anayevipa vitufe uhai, na domo analo!

"Nani bora kati yenu?" nauliza.

"Mimi," wanajibu wote.

Mara mahakama ni msitu wa mizinga, na simu ni nyumba yenye mlango wa kioo uliopasuka. JavaScript anaingia mbio. Mlango unajibamiza, kitufe puu, chini!

"Kumbe ndiyo tabia yako?" namuuliza.

"Kompyuta hainidai hodi."

"Kompyuta ni rika lako. Huyu ni mtu mzima!"

Namshika sikio. Hata mzinga haufunguliwi ghafla, mrina asali hutanguliza moshi. "Rudi nje, piga hodi. Usipoitikiwa mara tatu, ondoka, HTML atapokea oda kwa fomu yake ya kawaida."

Hodi. Kimya. Hodi. Nyuki wanatulia. Hodi!

"Karibu," inasema simu. "Ila vua viatu, vizito hivyo."

Anavua, anaingia pekupeku. Kitufe kinawaka! CSS anakunja pindo la mwisho, HTML anapiga vigelegele, nyuki wananibeba juujuu. Nilistahili, sioni haya kusema.

Nikaamka saa nne na nusu. Kompyuta sikuwa nimeigusa, lakini ujumbe wa Bi Nyamizi ulikuwa umeshafika:

"Mwanangu, kitufe kimekubali! Nimeagiza debe zima kujaribu, wanachama wanashangilia hapa. Hongera sana. Ila mwambie yule fundi wako aliyepiga hodi alfajiri, amesahau viatu vyake mlangoni."