Kina cha Tangi la Mlimani

Mhandisi alikuwa hakaliki. Alikwenda dirishani, akarudi, akakikodolea macho kioo cha kompyuta kana kwamba tarakimu zingeona haya na kubadilika. Kioo kilishikilia palepale: tangi la mlimani lina maji ya kina cha sentimita 11,265. Tangi lenyewe halizidi mita tano kwenda juu.

Asubuhi hiyo alikuwa ameanza kuunganisha mitandao miwili ya mamlaka ya maji, akianzia na tangi hili. Ule wa zamani, wa pampu na vipimo, ulikuwa na itifaki yake, yaani taratibu zake za kuzungumza. Ule mpya wa ofisini ulikuwa na zake. Katikati aliweka kisanduku cha kuzitafsiria. Sasa mtandao mpya, ukiamini tangi linafurika, ulikuwa umezima pampu, na simu za wateja zilimiminika.

Fundi wa pampu alipiga kutoka juu ya tangi. "Mita tatu kamili, dada. Na yanashuka."

Aliyeufunga mtandao wa zamani alikuwa baba mkwe wa mhandisi, mstaafu. Tangu mhandisi aandike ripoti ya kutaka ung'olewe, mzee alimsalimia tu, basi. Sasa akampigia.

Mzee alifika baada ya nusu saa, vifungo vya shati vimekwenda kombo.

"Kwenye ripoti uliuita mtandao wangu bubu."

"Ndiyo, baba. Nisamehe kwa neno lile."

"Neno sikulijali. Hukuniuliza, ndilo lililoniuma." Akavuta kiti. "Haya, kuna maji kiasi gani?"

"Mita tatu."

Fundi akapiga tena: maji yamepungua sentimita moja. Kwenye kioo, namba ikaruka ikawa 11,009. Mzee akacheka kidogo puani.

"Kipimo hakidanganyi, mkwe wangu. Kila namba inatumwa kwa lugha ya mashine, si kwa tarakimu hizi, na kwa vipande viwili: kikubwa na kidogo. Sisi tulitanguliza kile kidogo. Kisanduku chako kinadhani kimetangulia kikubwa, kwa hiyo kinaisoma kinyumenyume."

Masikio ya mhandisi yaliwaka moto. Jambo hilo alilisoma mwaka wa kwanza chuoni. Akaketi nusu kiti, akabadilisha mpangilio, akakosea mara mbili, akabonyeza.

299.

Kisha 298. Baada ya dakika moja fundi akasema pampu zimeanza kunguruma. Mhandisi alishusha pumzi, lakini miguu ilikuwa imeshamsimamisha. Yalibaki matangi tisa, na yote yalitakiwa kuunganishwa kabla ya jioni.

"Na hayo mengine, baba? Yote yanatanguliza kidogo?"

Mzee alijikuna kidevu. "Mawili niliyafunga kinyume. Siku ile nilikuwa na haraka."

"Yapi?"

"Ndiyo ninayojaribu kukumbuka hapa."

Mhandisi akamsogezea daftari na kalamu, akasimama nyuma ya kiti chake, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, huku mzee akianza kuchora matangi yake taratibu, moja baada ya jingine.